Mswidi aliyeshindwa kung'oa chuma chake

Kila ninapoulizwa habari za meno ya kupandikiza, yaani yanayofungwa kwenye skrubu iliyozama ndani ya mfupa wa taya, na siku hizi naulizwa sana, huanza na jambo linalowashangaza watu: aliyeyafanya yaaminike duniani hakuwa daktari wa meno. Per-Ingvar Brånemark, Mswidi aliyezaliwa Karlshamn mwaka 1929, alikuwa daktari na mtu wa anatomia. Alichokuwa akikitafuta mwanzoni hakikuhusu kinywa hata kidogo. Alitaka kuona damu inavyotembea ndani ya mfupa ulio hai.

Mimi pia si daktari. Ni fundi wa meno bandia hapa Mbeya, ingawa ukishavaa koti jeupe watu wa Mwanjelwa watakuita daktari tu, na ukikataa wanadhani unajishusha ili upandishe bei. Kazi yangu ni plasta, nta na akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia. Daktari anachukua chapa ya taya, mimi naimwagia plasta, napanga meno kwenye nta, mgonjwa anajaribishiwa. Akiridhika, nta inayeyushwa, akriliki inaingia mahali pake, inachemshwa, inasuguliwa mpaka ing'ae. Asubuhi za Julai nta inakuwa ngumu kwa baridi hadi kisu kinakwaruza tu juu juu, kwa hiyo siku inaanza kwa kuwasha taa ya spiriti.

Meno ya juu hayana kesi nyingi. Kaakaa ni pana, mate yanasaidia kushika, mgonjwa anazoea. Ya chini ndiyo yanayotutoa jasho. Ukingo wa taya la chini ni mwembamba, ulimi unasukuma kutoka ndani, shavu linasukuma kutoka nje, na mfupa uliopoteza meno huliwa na mwili wenyewe, mwaka hata mwaka, mpaka ufizi unabaki bapa.

Mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Uporoto alikuja na ya chini yake kaifunga kwenye leso. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaiweka mezani kwa vidole viwili.

"Za juu sina ugomvi nazo," akasema. "Hii ni ya kanisani. Nikianza kula inahama, naitoa naitia mfukoni. Sasa mjukuu wangu kanionesha kwenye simu kuna meno ya kufunga kwa skrubu. Ni kweli au ni mambo ya simu?"

Ni kweli, na yalianza na miguu ya sungura.

Mwaka 1952, katika mji wa Lund, Brånemark alitengenezewa vijumba vidogo vya titaniamu vyenye nafasi ya kuchungulia kwa hadubini. Akavifunga ndani ya mfupa wa mguu wa sungura, akakaa anaangalia mishipa na chembe za damu. Vijumba hivyo vilikuwa na gharama, na nia yake ilikuwa kuvitoa avitumie tena kwa sungura wengine. Vikakataa. Mfupa ulikuwa umeota hadi kwenye chuma na kukishika, na kuking'oa ilimaanisha kuuvunja mfupa wenyewe.

Wengine wangelalamikia hasara wakaagiza vijumba vya chuma kingine. Yeye akajiuliza kuna nini hapo. Leo tunajua sehemu ya jibu: titaniamu ikikutana na hewa tu inajivika utando mwembamba wa oksaidi, na huo utando ndio mwili unaokutana nao, si chuma kitupu. Mwili haupigani nao. Seli za mfupa zinajenga hadi mlangoni. Baadaye alihamia Göteborg, akaendelea kujaribu kwa mbwa, na wanafunzi waliojitolea wakawekewa vijumba vya titaniamu kwenye mkono wa juu ili damu ya binadamu nayo iangaliwe. Ngozi na nyama zikavipokea bila fujo. Hali hiyo ya mfupa kushikamana moja kwa moja na chuma, bila nyama laini katikati, ndiyo iliyokuja kuitwa oseointegresheni.

Kwa nini meno, basi? Mawazo yake ya kwanza yalikuwa kwenye magoti na nyonga. Lakini kinywani kazi yako unaiona. Unamwambia mtu afunue, unatazama, unagusa, unapiga eksirei, unamwambia arudi mwakani. Goti huwezi kulifunua kila mwaka kwa sababu ya udadisi wako.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Gösta Larsson, mwaka 1965. Alizaliwa na taya lenye kasoro kubwa, hakuwa na meno ya chini, na kula kwake kulikuwa mateso. Brånemark alimwekea skrubu nne za titaniamu katika taya la chini, akasubiri zishike, ndipo meno yakafungwa juu yake. Larsson alifariki mwaka 2006, na skrubu zile zilikuwa bado zinafanya kazi. Zaidi ya miaka 40. Mimi ninayetengeneza plate, yaani meno bandia ya kuvaa na kuvua, ambazo baada ya miaka michache lazima zirekebishwe kwa sababu mfupa umekwenda, namba hiyo huwa naisoma mara mbili.

Unaona mwenyewe kuwa yule mzee wa Uporoto na Larsson wana ugonjwa mmoja wa msingi: taya la chini lisilo na kitu cha kushikia. Nilimweleza hivyo. Nikamweleza pia kwamba hahitaji skrubu za kinywa kizima. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakakubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno ya chini, tiba ya kwanza kufikiriwa isiwe plate peke yake bali plate inayobanwa kwenye vipandikizi viwili, yaani skrubu mbili za kwenye mfupa. Viwili tu, mbele, mahali ambapo mfupa hukawia kuisha. Unavaa, inabana "tak", unakula. Usiku unaivua unaisafisha. Hesabu yake hata hivyo ni ya milioni, na safari za kwenda na kurudi juu yake. Mzee akafikiri, akaniambia tuongee viazi vikishatoka. Kwa sasa plate yake nimeitilia akriliki mpya ndani ili ilingane na ufizi wa leo. Imetulia kiasi. Kande bado hazigusi.

Narudi kwa Mswidi, maana hapa ndipo habari yake inaponoga.

Watu wa meno nchini kwake hawakumpokea. Wewe ni nani, hukusomea meno, unatuwekea vyuma kwenye taya? Na kusema haki walikuwa na sababu ya kuogopa. Kupandika vyuma kinywani hakukuanza naye. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Alvin Strock wa Boston aliweka skrubu za aloi ya kobalti na kromiamu, na baadhi zilidumu. Ukirudi nyuma kabisa, kule Honduras mwaka 1931 lilifukuliwa taya la kale la watu wa Maya lenye vipande vya kome vilivyochongwa umbo la meno na kupachikwa mahali pa meno ya mbele. Katikati ya hapo walipita watu wengi wenye fremu, pini na waya za kila namna, na wagonjwa wengi waliishia na usaha, maumivu na mfupa mdogo kuliko waliokuja nao. Kwa hiyo profesa wa meno wa miaka ya 1960 aliyesikia neno "kupandikiza" alikuwa ameshauguza majeraha ya waliotangulia.

Kuna kisa cha mwaka 1969 nakipenda. Brånemark alikuwa anatoa mhadhara, na mkubwa mmoja wa meno akasimama kumponda kwamba kazi yake imeandikwa kwenye jarida linalosomwa na kila mtu, si la wataalamu, na yeye hawaamini watu wa namna hiyo. Ikatokea kwamba mkubwa huyo alikuwa ameipigia debe aina fulani ya vijiti vya kuchokolea meno. Brånemark akamjibu kwamba naye hawaamini watu wanaojitangaza mgongoni mwa pakiti za vijiti vya meno. Sijui ukumbi ulicheka kiasi gani. Mimi nilicheka peke yangu karakana.

Lakini kumjibu mtu si kumshinda hoja. Mwenzake wa zama hizo, Leonard Linkow wa New York, yeye alikuwa daktari wa meno kamili, na kwa mikono hakuna wa kumfundisha. Alianza kupandikiza mwaka 1952, mwaka uleule wa sungura wa Lund. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaja na bapa: kipande chembamba cha chuma chenye matundu, kinachopigiliwa kwenye mfereji uliochongwa katika mfupa. Bapa lilisambaa haraka, madaktari wengi wakajifunza kwake, na wapo wagonjwa walioishi nalo miaka mingi bila kero. Shida ni kwamba mara nyingi kati ya bapa na mfupa iliota nyama laini, si mfupa, kwa hiyo likianza kucheza halirudi nyuma. Likitoka linatoka na mfereji mzima.

Linkow alifariki mwaka 2017, na wapo wanaomwita baba wa fani hii. Siwakatalii. Alithubutu wakati wenzake wanakunja mikono. Ila ukiniuliza kwa nini dunia ilimfuata Brånemark, sitakujibu titaniamu. Hata mabapa yaliyofuata yalitengenezwa kwa titaniamu. Nitakujibu daftari.

Timu ya Göteborg ilimfuata kila mgonjwa. Kila skrubu iliyowekwa iliandikwa, iliyoshika na iliyotoka, na waliotibiwa waliitwa kurudi. Mwaka 1977 walitoa kitabu cha uzoefu wa miaka 10. Mwaka 1981 wakatoa taarifa ya miaka 15, na ndani yake wakasema wazi kuwa baada ya miaka mitano hadi tisa skrubu zilizobaki imara taya la juu zilikuwa asilimia 81 na la chini asilimia 91. Tazama hiyo 81. Mtu anayeuza hasemi 81. Anasema haijawahi kutokea shida. Wao waliweka kushindwa kwao mezani, skrubu kwa skrubu, ndiyo maana wabishi wakakosa pa kushika.

Mwaka 1982 George Zarb, mzaliwa wa Malta aliyekuwa akifundisha Toronto na aliyekwishajaribu njia hiyo kwa wagonjwa wake, aliita mkutano mjini humo, akawaleta wakuu wa vyuo vya meno vya Amerika Kaskazini kuona takwimu hizo. Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Kuanzia sungura hadi Toronto ni miaka 30. Mtu aliyeanza kazi kijana alikuwa ameshapita 50. Na Uswisi wakati huohuo André Schroeder wa Bern, huyu daktari wa meno, alikuwa akifanya kazi na taasisi ya Straumann iliyozoea metali za saa za mkononi, wakafika karibu na palepale kwa njia yao. Skrubu yao haikuzikwa chini ya ufizi, ilichungulia nje tangu siku ya kwanza. Ikashika vilevile.

Kuhusu kusubiri sasa. Utaratibu wa Göteborg ulikuwa hivi: mfupa unatobolewa kwa kasi ndogo, hatua kwa hatua, kekee moja baada ya nyingine, na maji ya chumvi yanamiminika muda wote. Si mbwembwe. Watafiti wa hukohuko walionesha kwa sungura kwamba mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaharibika. Nyuzi 47 ni kidogo, chai ya Tukuyu unainywa ikiwa na joto zaidi ya hapo. Mfupa uliochemka hauoti kwenye chuma. Pataota nyama laini, na mgonjwa atasema skrubu ilikuwa feki. Baada ya kuiweka, ufizi unashonwa juu yake na inaachwa bila kubebeshwa mzigo: miezi mitatu hadi minne taya la chini, sita la juu. Ndipo unafunuliwa na meno kufungwa.

Ndiyo maana matangazo ya simu yananikera. Meno mapya kwa siku moja, tabasamu kabla ya harusi, njoo na picha yako. Mtu anatoka Chunya kauza dhahabu kidogo, anataka ya leo leo. Hajaulizwa kama ana kisukari, hajaulizwa sigara, hakuna aliyempima unene wa mfupa.

Hapa msomaji anayeijua fani atanikamata, na ana haki. Mwaka 1999 Brånemark mwenyewe, akiwa na miaka 70, alitoa taarifa ya mfumo ulioitwa Novum: skrubu tatu taya la chini na meno ya kudumu siku hiyohiyo. Mtu wa subira kageuka? Nimelitafakari hilo sana. Taarifa ile ilihusu wagonjwa 50, taya la chini tu, mbele, ambako mfupa ni mgumu, kwa vipimo vilivyochongwa kiwandani vya kuongoza kila tundu. Na wagonjwa wakafuatiliwa, wakaandikwa. Aliruhusu haraka pale ambapo daftari la miaka zaidi ya 30 lilimwambia inawezekana. Anayetangaza kwenye simu ana daftari gani? Hilo tu ndilo ninalouliza.

Jambo moja madaktari hawalisemi kwa sauti: skrubu zikishashika, mzigo unahamia kwa fundi. Jino la asili lina utando unaoliruhusu kucheza kidogo sana kwenye mfupa. Skrubu iliyoshikwa na mfupa haisogei. Fremu inayounganisha skrubu nne ikipinda hata kwa unene wa unywele, hakuna cha kusogea kuipokea. Ukiikaza kwa nguvu itakaa, ndiyo, lakini ni gari lililofungwa tairi na nati zimekazwa upande; linatembea, huku kitu kinaumia ndani. Ndiyo sababu fremu hujaribishwa kwa kukaza skrubu ya upande mmoja tu na kuangalia kama upande wa pili unanyanyuka. Majina ya mafundi waliomfungia Larsson meno yake siyajui, na wangestahili mstari wao.

Kazi ya Brånemark haikuishia kinywani. Göteborg hukohuko, kuanzia mwaka 1977, vifaa vya kusikia vilianza kufungwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mwanawe Rickard, daktari wa mifupa, akaipeleka kwenye miguu: tangu 1990 kuna watu waliokatwa paja wanaotembea kwa mguu bandia uliofungwa moja kwa moja kwenye mfupa, bila kikombe kinachowachubua. Ukikaa barabara hii ya Uyole kwenda Igawa, na bodaboda zake, unaelewa upesi hiyo ni habari ya nani. Brånemark mwenyewe uzeeni alifungua kituo Bauru, Brazil, kwa wagonjwa wenye kasoro kubwa za uso, na mwaka 2011 Wazungu wakampa tuzo ya uvumbuzi ya maisha. Alifariki Göteborg Desemba 2014.

Hapa kwetu vipandikizi vinakuja kwa mlango mwingine: vinywani mwa watu waliotibiwa mbali. Mama mmoja wa Vwawa alimsindikiza mumewe India kwa matibabu ya moyo, naye akawekewa jino moja la chini huko. Amerudi, limekaa vizuri, halafu likaanza kucheza. Akaja analia, anajua limeshatoka. Daktari tunayefanya naye kazi akapiga eksirei: skrubu ya kwenye mfupa imeshika barabara. Iliyolegea ni ile ndogo ya ndani inayofunga jino juu yake. Kazi ya kukaza tu.

Kukaza kwa kifaa gani, ndilo swali. Kila kampuni ina bisibisi yake. Nyingine ina pembe sita, nyingine nne, nyingine mfano wa nyota, na tofauti ya saizi ni ndogo kiasi kwamba ukilazimisha unaisaga tundu, na hapo umeua kila kitu. Tukamuuliza mama ilikuwa aina gani. Akasema nyeupe.

Binti yake ndiye aliyeokoa jahazi. Alikwenda Vwawa akapekua mafaili ya baba yake ya hospitali, akaibuka na bahasha yenye stika ndogo kuliko stempu: jina la mtengenezaji, kipenyo, urefu, namba ya toleo. Daktari akapiga simu Dar, bisibisi ikapakiwa kwenye basi la usiku kama kifurushi. Kesho yake jino likakazwa kwa spana ya kipimo, tundu likazibwa, mama akaambiwa aume. Akauma.

Kama una jino la namna hiyo, au ndugu yako analo, idai ile stika kwa aliyekuwekea. Kaa nayo pamoja na kadi ya bima, na uipige picha umtumie mtu mwingine nyumbani.